Ripoti ya Kamati Kuhusu Laptop Mbili Zinazofanana

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba, baada ya wiki kumi na moja za tafakuri nzito na vikao kumi na tisa, Kamati Maalumu ya Kuchunguza Kama Kompyuta Mpakato ya Bei ya Juu Inastahili Nyongeza Yake ya Bei ilikamilisha kazi. Mimi ndiye Katibu wa Kamati hiyo. Kwa hiyo haya mnayoyasoma yametoka jikoni kwenyewe, si ya kuokota kwa majirani.

Wapo watu huko mtaani wanaosema jambo lenyewe lilikuwa dogo. Hao ndio wanaoturudisha nyuma. Jambo dogo haliwezi kula vikao kumi na tisa, na asiyeamini aje ofisini aone unene wa jalada.

Ofisi yetu ni ya viwanja. Mtu akinunua kiwanja au akirithi, anakuja kwetu, anachorewa ramani, ramani inapigwa mhuri wa Mkurugenzi, ndipo anaruhusiwa kuchimba msingi. Ramani zote zinachorwa na mtu mmoja, binti wa mkataba anayekaa chumba cha mwisho karibu na ngazi. Ofisi nzima tunamwita Dada Ramani. Mkurugenzi ni mume wa dada yangu, na hili nalisema mwenyewe kabla watu hawajalisema kwa ubaya. Mimi nilipata kazi kwa sifa zangu. Dada yangu anazijua vizuri sana, na ndiye aliyezieleza.

Basi Dada Ramani aliandika barua ya ukurasa mmoja. Alisema mashine yake ya zamani inatumia dakika thelathini na tano kufungua ramani ya kata moja, na akiikuza ili auone mpaka wa kiwanja, inaganda, anaanza upya. Alisema ana ramani mia tatu za kumaliza kabla robo mwaka haijaisha, na zisipoisha mkataba wake unakatika, maana ndivyo barua yake ya ajira inavyosema. Alisema kuna muuzaji mwenye laptop ya aina moja inayouzwa kwa namna mbili, moja ina memori ya gigabaiti nane, nyingine ina memori ya gigabaiti thelathini na mbili, na hiyo ya pili imezidi kwa bei ya kiti kimoja cha chumba chetu cha mikutano. Anaomba hiyo ya pili. Chini ya sahihi yake fundi wa kompyuta alikuwa ameongeza maneno kwa kalamu: "Kwa kuandika barua, ya nane inatosha na kubaki. Kwa ramani, chukueni ya thelathini na mbili, mtakuja kunishukuru."

Niliishiwa nguvu. Mtu anauliza swali na kulijibu kwenye ukurasa huo huo, sasa sisi wengine tulipwe kwa kazi gani? Nikaipeleka kwa Mkurugenzi. Aliisoma akiwa amesimama, jambo ambalo si kawaida yake.

"Shemeji," akaniambia, "hapa kuna njama."

"Ya nani, mzee?"

"Bado sijaijua. Unda kamati."

Nikaunda. Mwenyekiti Mkurugenzi mwenyewe, Katibu mimi, na wajumbe Mhasibu, Afisa Utumishi na wengine watatu waliokuwa hawana shughuli siku hiyo. Dada Ramani na fundi hatukuwaweka. Wao wanaielewa mada, na mtu anayeielewa mada huharibu mjadala kwa kuufupisha.

Kikao cha kwanza tulitafuta jina la Kamati. Cha pili tuliliongeza. Cha tatu Afisa Utumishi alitukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, na maneno hayo yakaingizwa kwenye muhtasari kuwa msimamo rasmi wa ofisi kuhusu kasi. Wiki ya tatu muuzaji akatuletea sampuli mbili, moja ya kila namna, tuzijaribu mpaka turidhike. Masikini, hakujua anazungumza na nani.

Tulizifungua kwenye meza ndefu. Zilikuwa rangi moja, unene mmoja, vitufe vile vile. Mkurugenzi akaigeuza moja, akaigeuza nyingine, akazigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.

"Sasa hiyo memori iko wapi?"

"Iko ndani," akasema muuzaji.

"Ndani najua. Nauliza inaonekana wapi?"

"Haionekani, mheshimiwa. Utaiona kwenye kazi."

Mhasibu akaomba zipimwe. Tukazipeleka masjala kwenye mizani ya vifurushi. Zote zilikuwa na uzito mmoja. Mkurugenzi akavua miwani na kumtazama muuzaji kwa huruma.

"Yaani unataka niongeze pesa kwa kitu ambacho hakizidi kingine hata gramu moja?"

Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu hakuwa na kiti, akasema kuna mahali ukibonyeza mara mbili tu mashine inakueleza yenyewe ina nini tumboni. Nikamjulisha kwamba hajapewa nafasi ya kuongea. Akanyamaza, na ni haki yake.

Hapo ndipo tulipoamua jaribio la kisayansi. Sampuli zitumike wiki kadhaa, moja moja, na kila mtumiaji aandike ripoti. Afisa Utumishi alitusaidia kupata kanuni ya ugawaji, yaani mtumishi hawezi kuwa na memori inayomzidi bosi wake, kwa sababu akikumbuka mambo ambayo bosi hayakumbuki, nidhamu itakuwa wapi? Ile ghali ikaangukia kwa Mkurugenzi. Ile nafuu nikaichukua mimi, kwa moyo wa kujitolea.

Ilibidi ziwekwe alama, kwa kuwa zilifanana kama pacha. Lakini mali ya mtu haipigwi mhuri wa ofisi, na sampuli bado zilikuwa mali ya muuzaji. Kwa hiyo nilipiga mhuri maboksi. Hili nikaliandika GHALI, lile nikaliandika NAFUU, nikayafunga kamba, nikayapeleka stoo na kumsainisha Mzee wa Stoo mara tatu. Niliporudi, mashine zilikuwa zimekaa mezani bila maboksi, zinanitazama. Nikachukua ya upande wa kulia nikampelekea Mkurugenzi, maana kulia ndiko kwenye heshima. Utaratibu huo nautetea mpaka kesho.

Jaribio likaenda vizuri kupita matarajio. Ripoti ya kwanza ya Mkurugenzi ilisema: "Kasi ya ajabu. Nimeifungua, imefunguka." Ya pili: "Inaruka." Ya tatu ilirudia ya pili kwa herufi kubwa. Mimi kwa upande wangu niliandika mihtasari ya Kamati, na niliona wazi unyonge wa kile kifaa cha bei ya chini. Niliripoti kwamba ni kizito, kinachosha vidole, na kwamba Jumatano moja kilinikosesha hamu ya kula. Mhasibu alizilinganisha ripoti zetu akatikisa kichwa. Tofauti ilikuwa kama mbingu na ardhi. Kamati ikahitimisha kwa muda kwamba ile ghali inastahili kila senti, na ikapendekeza zinunuliwe saba, moja kwa kila mjumbe.

Dada Ramani naye hatukumsahau. Kwa ngazi yake kanuni ilimruhusu kubaki na memori aliyonayo, lakini Kamati ina utu. Tukampitishia nyongeza: daftari la kurasa mia mbili, lenye jalada gumu. Nilimpelekea mwenyewe.

Alilishika, akalifungua, akalifunga. Kwenye skrini yake ramani ya kata ilikuwa imefunguka nusu, upande wa mashariki tu.

"Katibu, mimi niliomba mashine."

"Hili haligandi," nikamwambia.

Hakucheka. Alikuwa amekonda, nadhani, au blauzi yake ilikuwa kubwa. Mlinzi wa getini alikuwa ameshaniambia kwamba binti huyu hufika alfajiri, anawasha mashine, anaiacha ijikongoje mpaka wengine tunapoingia.

"Zimebaki wiki nne," akasema. "Nimemaliza ramani mia na nne. Zingine zote bado. Katibu, nyumbani kuna wadogo zangu wawili, shule yao iko kwenye mkataba huu. Ukikatika, tunarudi kwa shangazi, na shangazi mwenyewe anaishi kwa mwanawe. Naogopa. Nikilala naota ile alama inayozunguka, inazunguka tu."

Siwezi kusema sikuguswa. Nilimwahidi kuliweka suala lake kwenye ajenda, chini ya Mengineyo.

Nilipotoka, korido ilikuwa imejaa kama kawaida. Mama mmoja aliyezoea kukaa kwenye ngazi, ambaye anafuata ramani ya kiwanja chake tangu mwanzo wa robo, akanishika mkono.

"Mwanangu, matofali yangu yameota nyasi. Na bibi harusi wa kijana wangu keshaanza kuuliza nyumba iko wapi."

"Mama, suala liko kwenye Kamati."

"Haya. Ila ngojangoja huumiza matumbo, na la kwangu limeshaanza."

Nikamshauri asikae kwenye ngazi, anazuia njia.

Wiki ya kumi na moja akaja Mkaguzi kutoka makao makuu, kuidhinisha ununuzi wa zile saba. Tulitarajia mwanaume mnene mwenye dereva. Akaja mama mfupi mwenye begi la kitambaa, kwa miguu, na chai hakutaka. Nilijua mapema kwamba huyu hatakuwa na adabu. Tulimkalisha kwenye chumba cha mikutano, tukamwekea ripoti yenye kurasa mia na sitini, na sampuli zote mbili mbele yake. Alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

"Ghali ni ipi?"

"Hii hapa," Mkurugenzi akasema, akiifunika kwa kiganja. "Mama, mtu ukishazoea kitu cha maana, unakihisi tu."

"Unakihisi wapi?"

"Kwenye utendaji."

"Na hii nyingine?"

Nikasimama. "Hiyo ndiyo nafuu. Nimeishi nayo wiki saba. Kwa kweli simtakii hata adui."

"Mna hakika?"

"Maboksi yako stoo, yamepigwa mhuri," nikasema.

Akazisogeza mashine zote mbili katikati ya meza. Kisha akasema, "Sawa. Mwiteni huyo anayechora."

Dada Ramani akaja na flashi yake mkononi na kalamu kwenye nywele. Fundi akamfuata, akasimama mlangoni mahali pake. Mkaguzi akamwambia aifungue ramani ya kata nzima, kwanza kwenye mashine ya Mkurugenzi. Akachomeka, akabonyeza. Mashine ikaanza kuvuma. Mstari ukatembea hadi katikati, ukasimama. Ikavuma zaidi. Tukakaa hapo wote, wajumbe saba na mwakilishi wa dola, tukiitazama, mpaka chai aliyoikataa Mkaguzi ikapoa.

"Inaona haya mbele ya wageni," akasema Mkurugenzi.

"Hamisha kwenye ile," akasema Mkaguzi.

Dada Ramani akachomeka kwenye yangu. Alikuwa hajakaa sawasawa kwenye kiti ramani ikawa imefunguka, mashariki mpaka magharibi, barabara, mifereji, viwanja vyote na namba zake. Akaikuza. Haikuganda. Akaikuza tena mpaka ukaonekana mpaka wa kiwanja kimoja, akairudisha, akahamia kingine, na kingine. Akaanza kucheka peke yake, kisha nikaona anajifuta macho kwa mkono wa blauzi huku mkono mwingine hauachi kubonyeza. Alikuwa ameshasahau kwamba sisi tupo.

"Ndiyo hiyo ya thelathini na mbili," fundi akasema kwa upole. "Hata kuvuma haivumi."

Mkaguzi akageuza kiti. "Kwa hiyo, Mkurugenzi, kwa wiki saba umekuwa na ile ya nane."

"Inawezekana."

"Na umeandika inaruka."

"Iliruka."

"Ukifanya kazi gani?"

Mkurugenzi akatafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa. Mkaguzi akaifungua mwenyewe ile mashine. Ndani hakukuwa na barua hata moja. Kulikuwa na mchezo wa karata, na mchezo ule kwa heshima zote hutunza hesabu: michezo mia nne na kumi na miwili, ushindi mia tatu. Kama ofisa mwaminifu napenda kusema huo ni ushindi mzuri.

"Na wewe Katibu. Ulikuwa na mashine yenye nguvu kuliko zote ofisini, ukaandika ni nzito."

"Nilikuwa naandika mihtasari, mama."

"Nimeisoma. Mashine haina kosa."

Dada Ramani aliondoka na ile mashine saa ile ile, ameikumbatia kifuani, mlango fundi akamfungulia. Mkaguzi aliidhinisha inunuliwe hiyo moja, na ya nane ilirudi kwa muuzaji. Zile saba hazikuidhinishwa. Nilidhani ukaguzi umekwisha, nikaanza kukusanya vikombe, lakini Mkaguzi alikuwa bado ameikalia ripoti yetu. Akasema amependa sana mbinu. Nikakaa tena, maana sifa husikilizwa kwa utulivu.

"Mna kitu cha bei ya juu," akasema, "mnataka kujua kama bei yake ni ya haki. Kwa nje hakioneshi chochote. Basi mnakaa nacho wiki kadhaa, halafu mnakaa bila hicho, mnaangalia kazi imepungua wapi. Si ndivyo?"

"Ndivyo hasa," akasema Mkurugenzi, ambaye rangi ilianza kumrudi.

"Vizuri. Ofisi hii ikiwa na Mkurugenzi tumeshaiona kwa miaka tisa. Sasa tuione bila. Wiki nne, kuanzia kesho. Utakaa nyumbani na mshahara wako, usiwe na wasiwasi. Mhuri muachie yule binti, ndiye aliye karibu na ramani."

Mkurugenzi aliinuka, akafunga koti. Alikuwa mtulivu kabisa.

"Shemeji," akaninong'oneza mlangoni, "mtanipigia simu ndani ya siku mbili, mnalia."

Mimi niliamini hivyo. Nililala na simu karibu.

Dada Ramani alizimaliza ramani zilizobaki kwa siku tisa, siku nne kabla ya robo kwisha. Yule mama aliyekuwa akikaa kwenye ngazi alipata yake siku ya pili, akaikunja mara nne, akaitia kifuani, akaondoka bila kuniaga. Mkataba ukahuishwa kwa miaka miwili. Ilipofika wiki ya tatu korido ilikuwa tupu kiasi kwamba nikitembea nilisikia viatu vyangu, nikaandika barua makao makuu kueleza wasiwasi wangu kuhusu kushuka kwa idadi ya wananchi.

Jana wiki nne zilitimia. Mkaguzi alirudi na fomu ya ukurasa mmoja. Juu kuna jina la Mkurugenzi, chini yake swali moja: "Tofauti gani imeonekana ofisini tangu mtajwa aondoke?" Akaniambia nizunguke, niulize, nijaze kwa ukweli.

Nikazunguka. Mhasibu alifikiri sana, akasema bili ya umeme imepungua kidogo. Afisa Utumishi alisema angependa kwanza kuunda kamati, nikamwambia safari hii haturuhusiwi. Mzee wa Stoo aliniuliza maboksi yangu nayachukua lini. Nikateremka mpaka getini kwa mlinzi, ambaye kwa miaka tisa amemfungulia Mkurugenzi lango na kumpigia saluti kila asubuhi. Nikamsomea swali.

"Kwani ameondoka?" akasema.

Dada yangu alipiga simu mchana huo huo. Yeye ameona tofauti kubwa sana. Mumewe ameunda utaratibu wa foleni ya bafuni, amepanga sufuria kwa vyeo, na anadai vikao kila baada ya chakula. Analia, anaomba tumchukue hata kwa nusu siku. Lakini dada si mtumishi wa ofisi hii, kwa hiyo ushahidi wake sikuweza kuupokea. Niliumia, ni damu yangu.

Nikakaa na ile fomu. Niliandika "Imeonekana kwa kiasi fulani," nikakata. Niliandika "Uchunguzi zaidi unahitajika," nikakata. Mwisho nikaandika neno moja, "Hakuna," nikasaini, nikapiga mhuri wa Katibu, nikampelekea Mkaguzi. Alinishukuru. Alisema hiyo ndiyo taarifa fupi na ya kweli kuliko zote nilizowahi kuandika, nami nikamwambia najivunia.

Akaiweka kwenye begi la kitambaa, akatoa fomu nyingine ya aina ile ile, swali lile lile. Nilisoma jina lililo juu. Lilikuwa langu.

Nikamweleza kwa heshima kwamba kuna kasoro ya kiutaratibu, kwa kuwa kuanzia kesho nikiwa nyumbani, Katibu wa kuijaza atakuwa hayupo. Akasema hilo lisininyime usingizi. Ataijaza Dada Ramani, na kwa mashine aliyo nayo sasa haitamchukua hata dakika.